Unasali Wapi?

Mtu akihamia mtaa mpya hapa Dar es Salaam, kabla hajamaliza kupanga vyombo vyake jirani atakuwa amekwisha kumuuliza mambo mawili: ametokea wapi, na anasali wapi. Anayeuliza swali la pili hataki kujua kama mgeni hupiga magoti kando ya kitanda usiku. Anataka kujua watu wake ni akina nani, akifiwa nani atakuja kuimba, akiugua nani atamletea uji. Jibu huwa fupi: nasali KKKT, nasali Katoliki, nasali Moravian, nasali kwa Wasabato. Na mtu aliyeacha kukusanyika na wenzake, hata akiomba peke yake kila usiku mpaka usingizi umchukue, majirani watasema siku hizi fulani hasali.

Lugha yetu imelitunza jambo ambalo mimbari nyingi zimeanza kulisahau. Tuna sala, neno lililotufikia kwa Kiarabu likiwa na saa zake na utaratibu wake, ambalo Wakatoliki na Waanglikana wamelishika sana. Tuna maombi, la Kibantu, kutokana na kuomba, yaani kumwendea mwenye nacho huku umenyoosha mkono. Hilo walokole wanalipenda zaidi. Yote mawili yana haki yake, na Mkristo anayahitaji yote. Ila miaka hii ya karibuni neno la tatu limekua kuliko ndugu zake: kuombewa. Watu wanasafiri kwenda kuombewa, wanapiga simu redioni ili waombewe, wanaandika shida zao kwenye simu na kungoja aombe mtu mwingine.

Kwa maoni yangu Mkristo hasimami muda mrefu bila sala ya pamoja yenye saa yake, mahali pake na watu wanaomjua kwa jina. Na tatizo letu kubwa wala si uvivu wa kusali. Nchi hii inasali. Tatizo ni kwamba kuombewa kunakula nafasi ya kusali, taratibu, huku makanisa yamejaa na sisi tunadhani mambo yanakwenda vizuri.

Tuanze na saa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Matendo ya Mitume inaposema Petro na Yohane walipanda hekaluni saa tisa, saa ya kusali, sisi hatuhitaji maelezo pembeni. Saa tisa ni saa tisa: jua limeanza kulegea, watoto wanatoka shule, mama ntilie anasugua masufuria. Siku ya Pentekoste Petro aliwatetea wenzake kwamba hawajalewa, maana ilikuwa saa tatu tu. Petro huyohuyo alipanda darini kusali saa sita kule Yafa, na Kornelio wa Kaisaria alipata maono saa tisa. Wayahudi waliuhesabu mchana tangu jua kuchomoza, kama tunavyouhesabu sisi, na Wakristo wa kwanza walirithi kwao siku iliyokatwa kwa sala kama ngazi inavyokatwa kwa vidato.

Walirithi na wakaendeleza. Didake, kitabu kidogo cha maagizo cha Wakristo wa mwanzo kabisa, kinawaagiza waamini wasali sala ya Bwana mara tatu kila siku. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, akiandika karibu na mwaka 200, alizitaja saa tatu, saa sita na saa tisa kuwa saa za Mkristo kujikumbusha, mbali na sala za mapambazuko na za machweo. Hata adui aliona. Karibu na mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi huko Bithinia, Uturuki ya leo, alimwandikia mfalme wake kuwa watu hao hukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana. Miongoni mwao walikuwamo watumwa na watu wa kazi za mikono. Hawakuwa na Jumapili ya mapumziko. Hiyo ilitangazwa na Konstantino mwaka 321. Kukutana kabla ya jua maana yake ilikuwa kukatisha usingizi wa mtu aliyechoka, kisha kwenda kumtumikia bwana wake kutwa nzima. Hiyo ndiyo nidhamu ninayoisemea.

Hapa mtu makini atanikatiza: Je, Yesu hakusema tuingie chumbani, tufunge mlango, tusali kwa siri? Alisema. Alisema pia tusipayukepayuke. Lakini tusome mbele kidogo katika sura hiyohiyo ya sita ya Mathayo, tuone anatufundisha kusema nini humo chumbani. Hakuna "mimi" katika Baba Yetu, wala hakuna "yangu". Mkate ni wetu, makosa ni yetu, waliotukosea ni wetu. Siprian, askofu wa Karthago aliyeuawa mwaka 258, alilishikilia jambo hili katika maelezo yake ya sala hiyo: Mkristo hata akisali peke yake anasali kwa niaba ya taifa zima la Mungu, kwa kuwa wote ni kitu kimoja. Yesu alikuwa akimkemea mtu anayesimama njiapanda ili aonekane. Yeye mwenyewe alikwenda sinagogi kila Sabato kama desturi yake, na alipanda mlimani peke yake usiku. Vyote viwili. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri aliyeendesha chuo cha wachungaji huko Finkenwalde kuanzia 1935 mpaka polisi wa Hitler walipokifunga mwaka 1937, aliwapangia wanafunzi wake sala ya pamoja asubuhi na jioni, pamoja na nusu saa ya kutafakari kimya kila siku. Wengine walinung'unikia hasa huo ukimya. Yeye hakulegeza, kwa kuwa aliona kila kimoja kinaoza kikikosa mwenzake.

Aliyeifikiria nidhamu hii kwa undani kuliko wote ni Benedikto wa Nursia, aliyeandika Kanuni yake huko Monte Cassino, Italia, katika karne ya 6. Wengi wanaisikia wakidhani ni kitabu cha ukali. Mimi nilipoisoma nilishangazwa na upole wake. Anapanga zaburi zote 150 ziimbwe kila wiki, katika sala saba za kila mchana na moja ya kila usiku, na anasema pasiwe na kitu kinachotangulizwa mbele ya kazi hiyo ya Mungu. Kengele ikilia unaacha ulichoshika. Halafu, katika sala ya usiku, anaagiza zaburi ya kuanzia iimbwe polepole, kwa makusudi, ili wanaochelewa wawahi kuingia. Anajua pia kwamba wanaoamka wataleta visingizio vya usingizi, basi anawataka ndugu watiane moyo kwa sauti ya chini. Aliyechelewa kabisa asibaki nje, maana huko atarudi kulala au ataanza kupiga soga. Aingie, akae mahali pa kuonekana, aone haya kidogo, lakini awe ndani. Aliye safarini asali hapohapo alipo saa ikifika. Na sala ya pamoja baada ya zaburi iwe fupi. Wapo viongozi wa maombi wa siku hizi ambao sentensi hiyo moja ingewafaa sana.

Kanuni hiyo ilifika Peramiho, karibu na Songea, mwaka 1898 Wabenediktini walipoanzisha misheni pale. Aliyewahi kulala pale, au Ndanda, au Hanga, anajua jinsi kengele inavyokata giza, na jinsi watu wanavyoingia kanisani wakiwa bado na usingizi machoni, kila mmoja akaenda mahali pake bila kuambiwa. Wakianza zaburi, upande mmoja unasema, upande wa pili unajibu, na katikati ya mstari kuna kituo cha pumzi moja ambacho mgeni hukikosea daima. Ukikimbia, unasikika peke yako. Asubuhi moja tu inatosha kukufundisha kusikiliza kabla ya kusema.

Waprotestanti wasidhani hii ni habari ya watawa tu. Mwezi Agosti 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Saksonia, Ujerumani, wakimbizi kutoka Moravia waliokuwa wakigombana wao kwa wao walipatana kwenye Meza ya Bwana tarehe 13. Tarehe 27 wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku ili pasipite saa bila mtu wa kusali. Zamu hizo zilidumu zaidi ya miaka 100. Miaka mitano tu baada ya kuanza, mwaka 1732, kijiji hicho kidogo kilituma wamisionari wake wa kwanza Karibi, na mwaka 1891 watu wa kanisa hilohilo walifika Rungwe. Leo Tanzania ni moja ya nchi zenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani. Siwezi kupima sala kwa matokeo yake, wala sitajaribu. Naona tu kwamba watu waliokuwa karibu kuvunjana walianza kwa kupeana zamu.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote uko ng'ambo ya ziwa letu. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Buganda mwaka 1879. Novemba 1882, wakihofia hali ya mambo, waliondoka wote, wakavuka ziwa hadi Bukumbi, karibu na Mwanza. Waliacha Wakristo wachache waliobatizwa karibuni, wasio na padre, wasio na Misa, katika kasri ya kabaka, mfalme wa Buganda, iliyojaa hatari. Hawakurudi mpaka Julai 1885.

Nani aliwaongoza? Ndani ya kasri, Yosefu Mukasa Balikuddembe, mtumishi wa kabaka. Nyumbani kwake, Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma. Kule Mityana, Matia Mulumba, akiwa na Luka Banabakintu na mfinyanzi Noa Mawaggali. Walei wote. Walikusanya watu, wakafundisha, wakasali kwa sala walizozijua kwa moyo. Mapadre waliporudi walikuta wanafunzi wa imani wameongezeka kuliko walivyowaacha. Tufikiri: kanisa lisilo na padre kwa karibu miaka mitatu lilikua. Lingekuwa kanisa la kuombewa, lingekufa wiki ya pili, maana waombeaji walikuwa wamepanda mitumbwi wakaondoka.

Kisha ikaja Mei 1886. Usiku wa tarehe 25, wakijua kabaka angewahukumu asubuhi kwa ajili ya imani yao, vijana wa kasri walikaa pamoja wakisali, na Karoli Lwanga akawabatiza waliokuwa bado hawajabatizwa, Kizito mdogo akiwamo. Asubuhi Kabaka Mwanga aliwagawa watu wake. Simulizi zilizohifadhiwa zinasema aliwataka wasiosali wabaki karibu naye, na wanaosali wasimame upande ule. Hicho ndicho kitenzi alichokitumia kuwatambua. Hakuwauliza wanaamini mafundisho gani. Kusali kulikuwa kumekwisha kuwa jina lao, na kwa jina hilo walitembea hadi Namugongo, ambako wengi wao walichomwa moto tarehe 3 Juni. Waanglikana wa Buganda, walioitwa wasomaji kwa sababu kukutana kwao kulikuwa kusoma na kusali kwa pamoja, walikuwa wamekwisha kupoteza vijana watatu waliouawa Januari 1885, na wengine wao walikufa pamoja na Wakatoliki huko Namugongo pia. Sioni ni kwa namna gani kijana wa miaka kumi na kitu angesimama upande ule asubuhi ile kama usiku hakuwa amekaa na wenzake.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogondogo za Kikristo, walikuwa wanarudia, labda kuliko walivyojua, kazi ya Mityana. Wenzao wa Kongo walikuwa wameanza kufikiri hivyo tangu 1961. Mashariki mwa Kongo utasikia jumuiya kama hiyo ikiitwa shirika. Njia ya kusoma Neno kwa hatua saba, iliyotokea chuo cha Lumko huko Afrika Kusini, ilisambaa kote. Walutheri na Waanglikana nao wana jumuiya na ibada za nyumba kwa nyumba. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Lakini jumuiya haiishi kwenye karatasi.

Ya kwetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba. Mwenye zamu anafagia uwanja tangu usiku. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, na mara nyingi jirani huyo ni Mwislamu ambaye amekwisha kusali alfajiri, yuko macho, anavitoa huku akituuliza habari za asubuhi. Mkeka, meza ndogo iliyotandikwa kitenge, msalaba, mshumaa kwenye kisosi. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele, amina." Wimbo unaanza juu mno, unashushwa, unaanza tena. Linasomwa somo la Dominika, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu hatua ya ukimya, ambayo ndiyo ngumu kwetu kuliko zote: pikipiki zinapita, mtoto analia, mtu anakohoa, na dakika tatu zinaonekana saa nzima. Kisha watu wanasema neno lililowagusa. Mama mmoja asiyejua kusoma hurudia kila wiki neno moja tu alilolishika, na nimejifunza kumsubiri yeye.

Mwisho katibu anafungua daftari la mahudhurio. Anaita majina. Asubuhi moja jina la mama wa nyumba ya kona, anayeuza maandazi, liliitwa mara mbili likakosa jibu. Katibu alishusha kalamu, akauliza, "Nani amemwona wiki hii?" Hakuna aliyekuwa amemwona. Wamama wawili waliondoka kabla hata ya sala ya mwisho, wakamkuta kitandani na homa ya siku tatu, mlango umerudishwa tu. Daftari lile la mistari, lenye jalada lililoloa mafuta ya mshumaa, lilifanya siku ile kazi ambayo mahubiri mengi hayafanyi.

Mimi mwenyewe nina deni kwao. Mama yangu alipofariki nilikaa miezi mingi siwezi kusali. Nikifungua mdomo, maneno yalikuwa kama makapi. Nilikwenda jumuiya kwa aibu tu, kwa sababu walikuja kwetu siku zote za msiba, wakapika, wakafua, wakaimba, na nisingeweza kutowatokea. Nilikaa karibu na mlango. Ilikuwa Oktoba, mwezi wa rozari. Wao walisali, upande huu ukianza na upande ule ukimalizia, na mimi nilisogeza punje bila kusema chochote. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Hakuna aliyeniuliza imani yangu imefikia wapi. Asubuhi moja, sijui kwa nini asubuhi ile, nilisikia sauti yangu ikimalizia nusu ya pili pamoja na wengine.

Tangu hapo sijawahi kukubali hoja kwamba sala iliyopangwa, ya maneno yaleyale, saa zilezile, ni kukariri kusiko na roho. Kwa mtu mwenye furaha inaweza kuonekana hivyo. Mtu aliyevunjika hana maneno ya kubuni. Anahitaji maneno yaliyokwisha kusemwa na wengi, na sauti za kuyabeba mpaka yeye aweze. Saa haimuulizi anajisikiaje. Inafika tu, na wenzake wanafika nayo. Hata walokole, wanaoisifu sala ya kujimwagia moyo bila kitabu, wana nidhamu yao, na wanaojua siri hii huishika sana: maombi ya saa kumi na moja alfajiri, mkesha wa Ijumaa, mfungo wa siku 21 mwanzoni mwa mwaka. Wasabato wana Kesha la Asubuhi, na Sabato inayofunguliwa jua likizama Ijumaa iwe mvua iwe kiangazi. Roho huvuma atakako, ni kweli. Lakini siku ya Pentekoste aliwakuta watu ambao walikuwa wamekaa pamoja wakidumu katika kusali tangu Bwana apae.

Nidhamu ina ugonjwa wake pia, na ningekuwa mwongo nikiuficha. Daftari lile la kumtafuta mgonjwa linaweza kugeuzwa kuwa daftari la kumwadhibu marehemu. Nilishiriki mazishi ya mzee mmoja, katika parokia ambayo sitaitaja, ambaye familia yake ilizungushwa siku mbili kwa kuwa hakuwa na barua ya jumuiya. Hakuwa akihudhuria, michango yake ilikuwa nyuma. Mjane alikaa kwenye benchi la ofisi akiwa amejifunika khanga usoni. Sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 1184 katika kitabu cha mwaka 1983, inataja watu wanaoweza kunyimwa mazishi ya Kanisa: walioiasi imani waziwazi, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazoipinga imani, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika Kikanisa kungeleta kwazo, nao wote ni iwapo hawakuonyesha toba kabla ya kufa. Asiyehudhuria jumuiya hayumo. Asiyetoa mchango hayumo. Benedikto alimtaka hata aliyechelewa aingizwe ndani. Sisi tunamfungia nje aliyekwisha kufa.

Michango yenyewe ni jambo. Kuna asubuhi ambapo Neno linasomwa kwa dakika kumi na hesabu inasomwa kwa dakika arobaini: ujenzi, mavuno, zawadi ya paroko, sare. Watu hawachoki kusali, wanachoka kudaiwa. Na wanaume wako wapi? Kwetu, watu ishirini wakija, wanaume hawazidi wanne, na wawili kati yao ni viongozi. Sina jibu kamili. Nadhani tumewaachia wanawake sala ya nyumbani tangu zamani, kisha jumuiya ilipoingia nyumbani tukaiona nayo ni ya wanawake.

Sasa nirudi kwenye kuombewa. Jumapili moja nilimsindikiza ndugu yangu mahali pa maombezi mjini. Foleni ilianza barabarani. Dada aliyesimama mbele yangu alikuwa ametoka Mbagala saa kumi usiku, miaka tisa kwenye ndoa bila mtoto. Alinieleza yote hayo mimi, mtu asiyemjua, kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumweleza. Zamu yake ilipofika aliwekewa mikono, akaombewa kwa sauti kubwa, akalia, akaondoka kwa mlango wa pembeni. Machozi yale yalikuwa ya kweli na siyadharau, wala sisemi Mungu hakumsikia. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa mamia ya watu chini ya paa moja na hakuna aliyejua jina lake, wala atakayegundua asiporudi.

Barua ya Yakobo, inapotuagiza kuhusu jambo hili, Kiswahili kinaitafsiri kwa umbo lingine la kitenzi: kuombeana. Kiambishi cha mwisho tu kinatofautiana, lakini katika kuombewa mmoja anatenda na mwingine anatendewa, na katika kuombeana kila mtu anatoa na kila mtu anapokea. Uamsho wa Afrika Mashariki ulijengwa juu ya kiambishi hicho. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, walikaa Namirembe wakisoma Biblia na kusali pamoja. Katika miaka ya 1930 moto uliwaka Gahini, ukafika Uganda, Burundi, Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanganyika. Kiini chake kilikuwa ushirika wa kila wiki, ambapo askofu na mpishi walikaa kwenye benchi moja, kila mmoja akaungama mahali alipoteleza wiki ile, na wengine wakamwitikia kwa wimbo wa Tukutendereza. Kuungama huko walikuita "kutembea nuruni". Miaka ya 1950, vita vya Mau Mau vilipopamba moto Kenya, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo, na wengi walikataa pia bunduki ya serikali, na baadhi yao waliuawa. Mtu hupata wapi nguvu ya kukataa pande zote mbili? Ya kuombewa mara moja kwenye foleni haifiki huko.

Simu nayo imeingia. Machi 2020 Kenya ilipofunga nyumba za ibada kwa sababu ya korona, familia nyingi zilijikuta zikisali sebuleni kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na hilo lilikuwa jema. Makundi ya sala ya WhatsApp yanawaunganisha ndugu walioko Maskati, Toronto na Mwanza kwa saa moja, na mgeni mpweke ughaibuni anayajua manufaa yake. Hata hivyo kwenye simu ni rahisi mno kuandika "Amina" huku unakata vitunguu. Kundi lina watu 200, na mmoja akinyamaza mwezi mzima hakuna anayeshusha kalamu.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa yetu. Viti havikutosha, nikatoa ndoo mbili nikazigeuza. Alikuja kijana mmoja fundi gereji, aliyehamia mtaani mwezi uliopita, mikono yake bado na weusi wa oili usiotoka kwa sabuni. Hakuingia katikati, alikaa kwenye ndoo iliyokuwa karibu na mlango. Rozari ilipoanza, mama wa maandazi alimpenyezea ya kwake mkononi, yeye akaanza kuhesabu kwa vidole. Nilimtazama kijana: alisogeza punje, midomo imefunga, mpaka mwisho. Hakuna aliyemuuliza kitu. Katibu alipomaliza majina yote aliongeza mstari chini ya ukurasa, akamgeukia, akamuuliza anaitwa nani na anakaa nyumba ipi, kisha akatangaza Jumamosi ijayo ni kwa nani.